Kuku Aliyewika Kizingitini

Harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto hunirudisha ukumbini kwa bibi, Malindi, mama yangu akiwa mgonjwa chumbani.

Asubuhi ile kuku mmoja mchanga alisimama kwenye kizingiti cha chumba hicho, akanyoosha shingo kuelekea kitandani, akawika mara tatu.

"Huyo ni tembe," alisema mama jirani. "Kuku jike akiwika, huita maiti. Mchinjeni."

Sikuwa mtoto wa kuamini neno nisilolihakiki. Nilimkamata na kumpekua: manyoya ya shingoni yalikuwa membamba, yenye ncha, na kilemba kilikuwa chekundu.

"Ni pora, bibi. Dume kuwika si ajabu."

"Mwanachuoni wetu huyo," jirani alicheka.

Bibi hakubishana. Mjomba alichinja, bibi akanyonyoa, akatia mkono tumboni mwa kuku. Ulitoka na kishada cha mayai machanga, ya manjano, yasiyo na maganda.

"Mwanangu," mama aliita kutoka ndani, "ni pora au tembe?"

Bibi aliyafunika mayai kwa kiganja.

"Kamwambie ni pora," alininong'oneza. "Wewe atakuamini."