Benchi la Nje ya Wadi

Ukifika Ishiara ukamuuliza mkulima yeyote wa ndengu habari za Wanjira, atakuambia mambo mawili: kwamba ni mama asiyetaka mchezo na kazi, na kwamba Kiingereza hakijui. La kwanza ni kweli mpaka leo. La pili limekoma kuwa kweli mwaka huu, na wako wanaoona ingekuwa heri lingebaki lilivyokuwa.

Mumewe, Nyamu, alifariki miaka michache iliyopita katika hospitali moja mjini Embu. Alasiri ile Wanjira alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wadi, kiondo magotini, na ndani ya kiondo thamosi ya uji ambao Nyamu alishindwa kuunywa. Nesi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa wadi nyingine. Mlango ukafunguliwa, akatoka daktari mgeni, kijana mrefu aliyekuja kutoka ng'ambo kusaidia kwa muda, ambaye Kiswahili alikuwa hajakipata hata cha salamu. Akamwambia maneno kwa upole, kisha akasimama mlangoni akimngoja ajibu.

Wanjira hakuelewa hata moja. Lakini mama yake alimlea akijua kwamba mtu mwenye kazi yake akikusemesha kwa heshima, unamwitikia. Kumkodolea macho ni utovu wa adabu, na kumwambia hujaelewa ni kama kumwambia hajui kusema. Basi akamwitikia kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho. "Yes. Thank you," akasema, akaketi vizuri zaidi kwenye benchi lake. Daktari akamtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa taratibu kama aliyeelewa, akarudi ndani na kufunga mlango. Nesi aliporudi alikuja na habari kwamba Nyamu ameaga dunia.

Maneno ya yule daktari hayakumtoka. Maana hakuipata, lakini sauti zake alizishika zote, mwanzo hadi mwisho, jinsi wanawake wa kwao wanavyoshika wimbo wa kazi wakiusikia mara moja. Msimu wa mavuno ulipofika alitandaza ndengu kavu kwenye turubai uani, akashika fimbo ya kupuria, na pigo la kwanza lilipotua maneno yakaja yenyewe. Pigo, neno. Pigo, neno. Jirani yake Gatakaa alidhani anasali, akamwachia faragha yake. Hakuwa anasali. Alikuwa akimwona daktari amesimama mlangoni, angali anangoja.

Mbona hakumwuliza mwanawe Nthiga, aliyesoma mpaka chuo? Aliogopa, ndiyo sababu. Kwa Nthiga jibu lingekuja lote kwa mkupuo, na Nthiga naye angejua mama yake alijibu nini siku ile. Kwa hiyo aliposikia kwamba Nelius, mwalimu aliyestaafu, ameanzisha darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa, Kiingereza cha kila siku, cha dukani na cha benki, akaenda kujiandikisha. Watu aliwaambia anataka kusoma maelezo kwenye chupa za dawa ya wadudu. Uongo huo ulimtoka bila kigugumizi.

Darasa lenyewe lilikuwa la vicheko. Gatakaa, ambaye ni muuza mitumba, kila sentensi aliigeuza kuwa ugomvi wa bei, na mwalimu akampa ruhusa agombane ilimradi agombane kwa Kiingereza. Wanjira alicheka na wenzake. Kisha katika somo la kujitambulisha, Nelius akaandika ubaoni neno la mume, akalitamka, na kicheko kikamkauka Wanjira mdomoni. Alilijua lile neno. Alikuwa akilipiga kwa fimbo kila mavuno.

Tangu siku hiyo alihudhuria kama mtu anayeingia mtoni asubuhi, mguu mmoja kwanza. Somo la kupokea wageni lilimpa maneno ya kumwambia mtu aingie ndani. Somo la foleni ya benki likampa neno la kungoja. Kila neno lililopata maana lilimkosesha usingizi usiku, naye mchana akiwa shambani alihisi kuna mtu anamwita kutoka nyuma yake, akageuka, akaona mtama tu na jua. Alitamani kuacha. Alimwambia Gatakaa kwamba magoti yanamuuma, na juma lililofuata akafika darasani kabla ya mwenye ufunguo.

Lililobaki lilikuwa neno moja. Lilikuja katika somo la sokoni, neno la kuuliza, na mwalimu akaeleza kwamba likiongezewa kineno kidogo kabla ya jina la mtu, huwa ni kumwulizia mtu huyo, kutaka aje. Wanjira aliweka kalamu chini. Hakusikia tena chochote kilichosemwa alasiri hiyo.

Wenzake walipoondoka yeye alibaki kwenye benchi. Nelius alipomkaribia, Wanjira alimsimulia habari za hospitali, kisha akayasema maneno ya daktari yote, kwa mpigo uleule wa fimbo. Nelius alisimama na kifutio mkononi. Uso ulimbadilika, akautuliza haraka, jinsi walimu wanavyojua.

"Alikuwa anakuambia mzee amelala vizuri, mama," akasema. "Ati usiwe na wasiwasi."

Wanjira alimtazama kwa huruma. Alimpenda kwa uongo ule, na akajua ni mzito kuubeba.

"Asante, mwalimu. Lakini umetufundisha vizuri sana," akasema. "Aliniambia mzee wangu ananiulizia. Akaniuliza kama nataka kuingia ama nitangoja hapo. Na mimi nikamwambia asante, nikakaa."

Nelius aliketi kando yake. Alitaka kumwambia kwamba hakuwa na kosa, na huenda alisema hivyo, lakini Wanjira aliinua mkono kumzuia. Nyamu alikuwa amemwita, na katikati yao kulikuwa na mlango mmoja usio na kufuli. Jambo hilo halikuwa na faraja, na hakuitafuta.

"Sikukuja kuuliza alisema nini," akasema. "Hiyo nimejua. Kile sijui ni vile ningemjibu. Nifundishe hiyo."

Nelius alilitamka jibu polepole, maneno machache tu, ya kwamba ndiyo, nataka kuingia sasa. Wanjira alilirudia, likakwama. Akalirudia tena, likanyooka. Mara ya tatu aliinuka kwenye benchi, kiondo mkononi, akaugeukia mlango wa ukumbi, kwa sababu jibu lile halisemwi mtu akiwa ameketi.