Nilivyoitwa mwongo kwa kuwa na baba wengi

Nimewahi kuitwa mwongo kwenye usaili kwa sababu ya baba zangu.

Leo mjukuu wangu amekwenda kuomba nafasi ya mafunzo kwa wakili hapa Bukoba, nikakumbuka usaili wangu, miaka ile ya ujamaa.

Wakili, Mhindi aliyetoka Dar es Salaam, aliuliza habari za wazazi.
Nikasema baba amefariki.
Baadaye akauliza nani atanidhamini.
"Baba yangu, yuko Muleba."

Akaweka kalamu chini. "Ndugu, hapa hatuchukui waongo."

(Kwa wasiojua: kwetu Wahaya, ndugu wa kiume wa baba ni baba. Basi.)

Nikamweleza.
"Kumbe ni ndugu wa baba tu!"
"Siku hizi sote ni ndugu, ndugu wakili. Huyu ni baba."

Hakucheka. "Mlete wiki ijayo, la sivyo nafasi huna."

Nilimwita mmoja. Kwenye basi la Muleba walishuka wawili, wamevaa makoti, wakabishana hadi ofisini.

"Mkubwa ni mimi!"
"Aliyemlea ni mimi!"

"Baba ni yupi?" wakili akauliza.
"Mimi!" wakajibu pamoja.

Wote wawili wakatia sahihi. Nafasi nikapata.

Ninyi mna baba wangapi?