Majirani Walipokuja Kunipa Pole

Nichekeni tu, wasomaji, mimi nimeshajicheka. Tangu nitoke Kilwa kuja kusoma Lubumbashi, hakuna aliyewahi kuingia chumbani kwangu hapa katika mtaa wa jiji uitwao Kenya. Jumamosi mchana nilikuwa nasoma tamthilia ya chuoni. Nilipofika pale Josefina anapokufa peke yake, akiwaita watu waliomwacha, nililia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.

Mlango ukafunguka. Mama Chantal, mwenye nyumba, akaingia na majirani. Wakaketi chini, wakalia nami. Mmoja akaleta mbabula, jiko la makaa, ambayo hapa huitwa makala, kuchemsha chai.

“Pole, mutoto wangu. Nani alikufa?”

“Josefina,” nikajibu, kwa maana ndiye niliyekuwa namlilia.

Mama Chantal akanikumbatia. Nikajua nikisema ukweli wataondoka. Nikaliegemea bega lake.

“Tutakusindikiza ku kilio,” akasema. “Maiti iko wapi?”

Sikuweza kudanganya zaidi. Nikaonyesha kitandani, kitabu kilipolala wazi.

“Iko mu kitabu?”

“Ndiyo, mama.”

Akauondoa mkono wake mgongoni mwangu.

“Na makala yangu inaungua bure!” akasema mwenye mbabula, akaiinua ikiwa bado na moto, akatoka nayo.