Ukuta wa Darasa la Kwanza

“Toka mlangoni, fundi. Toka, au sema sababu yako tuisikie.”

Ni saa moja asubuhi, na Mama Kwangu amekwisha kupandisha sauti. Mkono wa kulia umeshika ndoo ya maji, wa kushoto uko kiunoni. Nyuma yake wamesimama wanawake kumi na wanne wa kijiji cha Nyamisera, na chini miguuni pao yamelala magogo waliyokuja nayo ya kuviringishia mashine. Mbele yake, katika mlango wa chumba cha mwisho cha shule ya zamani, amesimama Thadeo Burito, mwashi, mwenye umri wa miaka arobaini na sita. Mwiko uko mkononi. Haendi mbele wala harudi nyuma.

“Nilishasema tangu juzi,” anajibu. “Ukuta huu hauwezi mashine.”

“Hauwezi kwa nini?”

“Hauwezi tu.”

Mama Kwangu anawageukia wenzake. “Mmesikia? Hauwezi tu! Mwanangu akinijibu hivyo analala na njaa.”

Wanawake wanacheka. Thadeo hacheki.

Mashine yenyewe iko hatua chache kutoka hapo, imefunikwa turubai. Ililetwa Jumamosi kwa lori kutoka Musoma: kinu cha kusagia nafaka, injini ya dizeli na pipa la maji ya kuipoza. Imegharimu misimu miwili ya pamba ya shamba la kijiji, na palizi ya pamba hiyo, kama kila mtu hapa anavyojua, ilikuwa ya wanawake. Fundi mitambo atafika Ijumaa kuifunga. Asipoifunga Ijumaa, zamu ya Nyamisera itarudi baada ya Krismasi.

Mama Kwangu, jina lake la kuzaliwa Mbuke, ni mama wa watoto saba na ndiye anayeongoza kamati ya wanawake. Mashine ya kusaga iliyo karibu iko Mugeta, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, debe kichwani. Siku asiyokuwa na saa nne za kutupa, anapiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Anainua khanga kidogo kuonyesha magoti hayo, bila aibu, kwa yeyote mwenye shaka.

“Yana sugu kama ya mbuzi,” anasema. “Miaka ishirini nasaga. Sasa mashine imefika mlangoni, mwanamume mmoja anasimama kati kama ng'ombe aliyegoma kuvuka mto.”

Thadeo anakubali kwamba mama huyo ana haki ya kukasirika. Tabu ni kwamba sababu anayoijua hajamwambia mtu yeyote kwa miaka thelathini na saba, hata mkewe.

Shule hii ilijengwa na misheni mwaka 1938. Ina vyumba vinne kwa mstari, kuta nene, paa la mabati. Tangu mwaka jana, watu walipohamia pamoja, na kijiji kipya kikasimama kando ya barabara, watoto wamejengewa madarasa huko. Shule ya zamani ikabaki na popo. Mwezi wa tano halmashauri ya kijiji ikaamua isiachwe ibomoke, ifanywe nyumba ya kijiji. Chumba cha kwanza kikawa duka la ushirika. Cha pili ofisi. Cha tatu kina vyerehani viwili mchana na kisomo cha watu wazima jioni. Cha nne, kilichokuwa darasa la kwanza, kiliwekewa mbegu na majembe.

Mashine ilikuwa ijengewe kibanda chake. Kisha mabati ya kibanda yakaenda kumalizia paa la shule mpya, na wiki iliyopita halmashauri ikaona njia fupi: majembe yatoke, mashine iingie darasa la kwanza.

Thadeo anafanya kazi hapa tangu mwezi wa sita. Analipwa shilingi nane kwa siku na debe moja la mahindi kila mwisho wa mwezi, na kwa hayo anatunza mke na watoto watano. Ametoboa dirisha la duka, amejenga kaunta ya matofali, amepiga lipu na chokaa vyumba vyote vinne. Pia, kwa agizo la halmashauri, amebomoa baraza la upande wa darasa la kwanza ili lori lipate kusogea.

Kazi hakuisomea. Aliacha shule akiwa darasa la nne, baba yake alipofariki, akaenda Musoma kukoroga udongo kwenye majengo ya Mwisenge. “Nilikuwa nawaangaliaga mafundi wanavyoshika timazi kupimia ukuta usiiname,” anasema. “Wakienda kula, mimi nabaki naichezea. Siku moja fundi hakuja. Msimamizi akasema, nani anaweza? Nikasema mimi. Uongo mtupu, lakini ukuta ulinyooka.” Baada ya hapo amejenga nyumba za walimu Butiama na ghala la pamba Bunda. Hakuna ukuta wake ulioanguka, na anaitaja habari hiyo kabla hujamuuliza.

Kila anayepita hapa hupigapiga kuta za shule kwa kiganja na kusema, “Hii ndiyo kazi ya zamani, siyo ya siku hizi.” Thadeo huinama akaendelea kukoroga saruji.

Kengele ya baiskeli inalia. Ni Ndugu Jilala, mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu mwenye miaka hamsini na zaidi. Anaegemeza baiskeli yake, tena kwenye ukuta huohuo.

“Bado?” anauliza.

“Fundi amekataa,” anasema Mama Kwangu.

“Ndugu Burito.” Mwenyekiti anasema polepole, kama anayesoma barua. “Ukuta huu ulimshinda mkoloni, akaondoka akauacha. Leo utashindwa na kinu cha unga?”

“Ndugu Mwenyekiti, injini inatetemesha. Halafu lile pipa litamwaga maji chini kila siku. Na baraza tumelitoa, mvua za vuli zitapiga msingi moja kwa moja.”

“Msingi wa mawe unaogopa mvua?”

Thadeo anafuta mwiko kwa kidole gumba.

“Sikiliza,” anasema Mwenyekiti. “Kama unataka nyongeza, sema nyongeza. Usituzungushe. Wapo mafundi wengine Bunda.”

Hapo ndipo maneno yanapomchoma. Kuitwa mvivu angevumilia, lakini fundi anayeshika mlango ili aongezwe shilingi hajawahi kuwa. Anatazama mstari wa wanawake. Wa nne kutoka mwisho ni Dorotea, mkewe, kajifunga khanga kiunoni tayari kusukuma. Yeye naye atasimama katika chumba hiki, pamoja na wenzake, mgongo ukutani, akingoja zamu ya unga.

“Mama Kwangu,” anasema, “niazime hayo maji yako.”

“Ya kufanyia nini?”

“Niazime tu. Utayaona.”

Anatoka mlangoni. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mlango uko wazi, na hakuna anayeingia. Anazunguka nje mpaka baraza lilipokuwa, anapiga magoti, na kwa ncha ya mwiko anachimba chini ya tofali la kwanza. Jiwe la juu ni jiwe kweli. Analizungusha, analitoa. La pili linatoka upesi mno. Ni la kijivu, lina ukubwa wa kichwa cha mtoto, nalo kavu kama mfupa. Analitumbukiza ndooni.

Watu wanainama. Maji yanatoa mapovu. Jiwe linapasuka kati, linalegea, linamomonyoka. Thadeo anaingiza mkono na kukoroga mara mbili. Anautoa ukiwa umejaa tope jekundu.

“Uji,” anasema mwanamke mmoja nyuma.

“Kichuguu,” anasema Thadeo. “Na hili nililileta mimi mwenyewe.”

Kisha anaeleza, kwa sauti ya kawaida, huku akifuta mkono kwenye suruali.

Shule ilipojengwa, mwalimu aliamuru kila mtoto aje kila asubuhi na jiwe la ukubwa wa kichwa chake. Watoto wa upande wa mlimani hawakupata shida. Kule mawe ni mengi kuliko kuku. Lakini Thadeo na wenzake wanne walitoka mbugani, ambako ukitafuta jiwe la kumpigia ndege hulipati. Ilibidi waipite shule, waende mlimani, warudi. Wakifika, kengele imeshalia, na viboko vinawangoja.

“Mbugani vichuguu vipo vingi,” anasema. “Bonge la kichuguu likikauka ni gumu, na ni jepesi. Tukawa tunalichonga, tunalipaka majivu, linafanana na jiwe la mlimani. Wiki nzima hatukupigwa. Wiki ya pili tukaona tumepata akili kuliko mwalimu.”

Mtaro wa darasa la kwanza ndio uliokuwa ukijazwa miezi hiyo. Ukuta umesimama kwa sababu baraza pana liliukinga na maji kwa miaka yote thelathini na saba. Katika wale wenzake wanne, wawili wamefariki, na wengine wawili waliondoka zamani. Alipopewa kazi hii alijiambia kwamba chumba cha kuwekea majembe hakitamdhuru mtu, na alipolibomoa baraza, kwamba angelirudisha kabla ya mvua.

“Nilitaka kulirudisha kimyakimya,” anasema. “Nilionaga aibu. Mtu mzima, fundi, unaanzaje kusema kwamba nyumba wanayoisifia wote, wewe ndiye uliyeitia tope?”

Mama Kwangu anageuka taratibu.

“Na hayo mawe hayakuwa yakikaguliwa?”

“Yalikaguliwa na kiranja,” anasema Thadeo. “Alisimama langoni. Analishika jiwe, analiweka kando ya kichwa chako. Likilingana, pita.”

“Kiranja gani huyo asiyejua jiwe na tope?”

Thadeo anatazama baiskeli. Mwenyekiti Jilala anakohoa.

“Watoto walikuwa mia moja na zaidi,” anasema Mwenyekiti. “Na mimi nilikuwa na njaa.”

Kicheko kinachotoka hapo kinasikika mpaka barabarani. Mama mmoja anakaa chini kabisa. Dorotea anamtazama mumewe kama mtu aliyeletewa mgeni, kisha naye anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya khanga.

Mama Kwangu ndiye wa kwanza kuacha. “Haya. Tumecheka. Mashine je? Na usinitolee ile ya kuziba ufa na kujenga ukuta. Tumeiandika ubaoni juzi kisomoni, naijua.”

Thadeo analo jibu. Amelala nalo siku tatu. Ukuta haubomolewi. Utachimbwa chini kwa vipande, hatua moja moja, ukiruka hatua mbili kila mara ili sehemu zilizobaki ziubebe. Bonge linatoka, jiwe linaingia na saruji. Fundi mitambo akija Ijumaa aifunge mashine, haina neno. Kuiwasha, hapana, hadi saruji ikauke: wiki tatu.

“Wiki tatu?” wanasema wengi pamoja.

“Wiki tatu, na baraza lirudi, na pipa lihamie upande ule. Nahitaji mawe mia tatu. Ya kweli.”

Mwenyekiti anatikisa kichwa. Lori la kubebea mawe halipatikani kabla ya mwezi ujao. Malori yote yanabeba pamba. Labda aandike barua Bunda. Labda halmashauri ikae Alhamisi, ijadili jambo hilo.

“Ijadili nini?” Mama Kwangu anamwaga lile tope chini, anaiweka ndoo kando ya ukuta. “Nimesaga miaka ishirini, wiki tatu hazitaniua. Ukuta ukinilalia utaniua. Mlima uko pale, vichwa tunavyo. Kila mtu na jiwe lake, kila asubuhi kabla ya shamba. Ninyi mlileta udongo, sisi tutaleta mawe.”

Hangoji kura. Anakunja kata ya khanga, anaitia kichwani, anashika njia ya mlimani. Wanawake wanayaacha magogo yalipo na kumfuata.

Thadeo anachukua sururu. Anapima hatua moja kutoka pembeni, anachora mstari kwa mwiko, anapiga. Mabonge yanatoka moja baada ya jingine, yote yamechongwa vizuri. Lipo moja ambalo bado lina alama za vidole vidogo. Analitazama kidogo, kisha analitupa na mengine.

“Kuta zangu mwenyewe nimezijenga vizuri,” anasema kutoka mtaroni, udongo ukimfikia magotini. “Huu ndio pekee uliokuwa ukiniamsha. Nataka Dorotea aje asage, auegemee, nami niwe nyumbani nakunywa chai bila kuiwaza mvua. Baraza likisharudi, nichukue vijana wanne wa hapa niwafundishe timazi. Nami nitawaambia mapema kilichonichukua miaka thelathini na saba kukisema.”

Kufika saa tatu mawe ya kwanza yanateremka. Thadeo anayapokea mwenyewe. Analigonga kila jiwe kwa mpini wa mwiko, analisikiliza, analichovya ndooni. La Mama Kwangu ni kubwa kuliko kichwa chake. Linatua kwenye kona, la kwanza kabisa. La Dorotea linalifuata.

Wa mwisho ni Mwenyekiti Jilala. Amelifunga jiwe lake nyuma ya baiskeli kwa mpira, na amekunja mikono ya shati. Thadeo analipokea. Analigonga: jiwe halisi. Analichovya: halitoi povu. Kisha anapanda kutoka mtaroni, ananyoosha mkono, na mbele ya wote analiweka kando ya kichwa cha Mwenyekiti.

“Ndugu kiranja,” anasema, “kichwa chako kimekua tangu mwaka ule. Hili ni la darasa la kwanza.”

Mwenyekiti anakitazama kile kijiwe. Anautazama mstari wa wanawake waliotulia, kila mmoja akingoja. Anageuza baiskeli, anarudi mlimani.