Nilimnunulia Mama Kiyoyozi, Ubaridi Wanaufaidi Wengine

Admin, jina langu lifiche kabisa. Wifi yangu anafuatilia ukurasa huu, na akijijua humu, poa tu, ajijue.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mshona mapazia, nimepanga chumba kimoja Kigamboni. Mama yetu anaishi Temeke, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, pamoja na kaka yangu na mkewe. Mwaka juzi mama alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Siku nzima yuko kitandani, chumba cha uani, juu bati tupu bila dari. Jamani lile joto! Mgongo wote vipele, ukimpaka poda inageuka uji.

Nikaapa mama yangu hateseki hivyo nikiwa hai. Nikampeleka fundi, akaangalia, akasema, "Sista, hapa ukifunga kiyoyozi utapoza bati tu. Piga dari kwanza, panua dirisha, weka pangaboi, bi mkubwa atalala vizuri." Mie nikaona ananidharau. Nilitaka mama yangu naye awe na kiyoyozi kama mama za watu. Nikanunua, nikamkabidhi kaka asimamie, maana nilikuwa nimebanwa na mapazia ya ukumbi wa harusi. Hapo nilikosea, nakiri.

Kaka akapiga simu: "Tayari, tumeshafunga." Mama naye akaomba aongee. "Ahsante mwanangu, naiona inavyozunguka." Nililia kwa furaha.

Jumapili iliyopita nikaenda bila taarifa. Kufungua tu mlango wa sebuleni, baridi ikanipiga usoni. Kiyoyozi changu kiko juu ya TV! Wifi na mashoga zake wa kikoba wanatafuna sambusa, mmoja kajifunika mtandio kwa baridi. Temeke hii hii! Wifi bila hata haya ananiambia, "Karibu wifi, funga mlango ubaridi usitoke."

Nikaenda kwa mama. Chumba kinafuka kama jiko. Mama kaloa jasho, shuka lake linanuka mkojo, na dirishani unaingia upepo wa moto. Nikachungulia. Ile mashine ya nje, ile inayotema joto lote la sebuleni, wameifunga kwenye ukuta wa uzio, inatazamana na dirisha la mama, hatua mbili tu.

"Mama, mbona dirisha liko wazi?"

Akatabasamu kwa nusu ya mdomo. "Kaka yako alinionyesha, akasema hiyo ndo zawadi yako. Nawaambiaga wasifunge, nisije nikaikosa. Ila mwanangu, inaleta joto kidogo. Labda kwa sababu bado mpya."

Nilitoka nikamkuta kaka anaingia sebuleni. Nilipomvaa kaka, hakupepesa hata jicho: "Chumba cha mama hakina dari, umeme ungepotea bure. Mwenyewe hajalalamika, wewe unalalamika nini? Usinitie aibu mbele za wageni." Nikaenda kuzima umeme wa nyumba nzima, sebule ikaanza kuguna. Ptuu! Watu wale hata maji yao sinywi tena. Na mie mwenyewe najionea kinyaa, kwa kiburi changu cha kumdharau fundi.

Ishu ni hii. Mama hataki kuhamia kwangu, anasema watu watasema mwanawe wa kiume kamtupa. Kaka naye kasema nikikigusa kiyoyozi nisikanyage tena pale. Na ukweli sikuweza kumwambia mama, maana anampenda yule mwanawe kupita maelezo. Nilimdanganya kwamba fundi alikosea, atakuja kuigeuza.

Jana kanipigia simu. "Mwanangu, huyo fundi asisumbuke. Nishaizoea."

Nyie mlio na mama zenu, nimwambie au ninyamaze? Nifanyeje jamani, maana hadi naandika hapa, kakataza lile dirisha lisifungwe.