Cherehani Iliyoandika

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi Direkta aliingia ofisini amebeba kitu nilichodhani ni cherehani. Kampuni yetu hapa Goma ilinunua kahawa kwa wakulima wa Masisi na Rutshuru, nami nilikuwa daktilo, yaani mpiga chapa. Alikitua mezani kwangu, akafungua vifungo viwili, na kifuniko kikageuka kibodi.

"Mama Zawadi, ni weye unapiga mbio kupita wote," alisema. "Hii kompyuta ni yako."

"Direkta, miye sikuisomea."

"Hakuna mutu hapa aliisomea. Kitabu chake kiko mu kartoni."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, na hiyo ndiyo shule yangu yote. Nilipokimaliza Direkta alinipa serivisi, yaani idara yangu mwenyewe, yenye kibao chake mlangoni.

Watengenezaji waliiita kompyuta ya kubeba, na kweli ilibebeka, mradi uwe na bega: ilikuwa na uzito wa kilo kumi na moja. Skrini yake ilikuwa ndogo, kadi ya posta ingeifunika yote. Kando ya skrini, huku na huku, kulikuwa na midomo miwili ya kumeza disketi, sahani nyembamba za kutunzia maandishi. Mdomo mmoja ulimeza programu, yaani maagizo yanayoiambia mashine la kufanya. Wa pili ulimeza kazi yetu. Betri haikuwa nayo. Umeme ulipokatika, yote ambayo hujayatunza kwenye disketi yalikwenda, kwa hiyo nilijizoeza kutunza kila nilipomaliza mkulima mmoja. Vijana wa ofisini walinicheka. Baadaye waliacha.

Niliipenda mashine ile. Ilinguruma kidogo ikitafuta neno, kama mzee anayetafuta kukumbuka jina.

Goma kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake cha kroshe, kabati lina chake, na vumbi jeusi la volkano linapita hata mlango uliofungwa. Basi Mama Furaha, aliyesafisha ofisi, aliifumia mashine kroshe nyeupe yenye maua ya buluu. Wageni waliisifu. Siku moja nilitoka kula nikaiacha ikichapa hesabu za wakulima kwenye printa yake. Mama Furaha alikuja kufagia, akaogopa vumbi, akaivika. Mashine hiyo haikuwa na feni. Joto lake lilitokea kwenye matundu ya juu, na sasa matundu yalikuwa chini ya maua. Niliporudi nilikuta harufu ya kitu kilichoungua na skrini nyeusi.

Direkta alikuja.

"Imekufa?"

"Sijajua bado, Direkta."

"Kama imekufa, serivisi yako nayo imekufa. Utarudia ku daktilo."

Mama Furaha alikuwa akilia. "Papa, nilikuwa naikinga vumbi."

"Uliifunika sawa mutoto anayesikia baridi," Direkta alimjibu, "na kumbe ilikuwa na homa."

Niliifungua. Kilichoungua kilikuwa alimentasyo, kile kisanduku kinachopunguza umeme wa ukutani uwe mdogo wa kutosha mashine. Vingine vilionekana vizima. Tulimtumia teleksi muuzaji wa Nairobi. Alijibu kwamba kampuni iliyoiunda imefilisika: ilitangaza mashine mpya kabla haijawa tayari, wateja wakaacha kununua ya zamani, fedha zikakauka. Vipuri havipo. Mashine ya kampuni nyingine ni dola elfu mbili na mia nne. Mwishoni aliongeza kwamba ya aina yetu aliwahi kuwauzia wamisionari wa Butembo.

"Nenda," Direkta alisema. "Ukirudi mikono mitupu, unajua."

Nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja Munande, kabila la huko Butembo, mashine mapajani.

"Mama, hiyo cherehani italipa nafasi yake," dereva alisema.

"Iko ku magoti yangu."

"Magoti iko ku lori yangu."

Ililipa. Tulipita Rumangabo, tukapanda Kanyabayonga, na kila shimo nililipokea mimi ili yenyewe isilisikie.

Mashine ya misheni ilikuwa na skrini iliyopasuka. Frère, yaani bruda wa misheni, aliyeitunza, mzaliwa wa Beni, aliitazama kwa huzuni.

"Hii ni maiti, mama. Siye hatuuzishe maiti."

"Frère, miye natafuta moyo wake tu."

Alifikiri. "Hospitali yetu inakosa dawa. Ukitoa dola makumi tano, hatutasema nimeuza."

Nilibadilisha alimentasyo pale pale, mezani pake, naye akishika taa. Nilipobonyeza swichi, herufi za kijani zilitokea moja moja, na Frère akafanya ishara ya msalaba.

Ilifanya kazi hadi kampuni yetu iliponunua nyingine. Sasa nimestaafu. Vijana hubeba mfukoni mashine zenye nguvu kuliko ile, na ikiharibika hununua nyingine bila hata kuifungua. Siwalaumu; ila sidhani kama wanazijua. Kampuni inaweza kufa ng'ambo na kazi yake ikaishi huku, mikononi mwa mtu anayeogopa kuipoteza.

Siku ile niliporudi Goma, ripoti ya safari niliipiga kwenye mashine yenyewe. Direkta aliisoma amesimama, akatia sahihi, na kibao cha serivisi yangu kikabaki mlangoni. Dola hamsini kwa misheni, kumi na nne nauli yangu, sita nauli ya mashine. Kwa kutonunua mpya, tuliokoa dola elfu mbili, mia tatu na thelathini.