Hodi ya Tatu

Mwaka ule wa 2008 nilikuwa nasoma chuo kwa njia ya posta, na kazi niliyopewa mwezi wa Mei ilikuwa kueleza historia ya maneno ya Kiingereza cha zamani ya kukaribisha na kupongeza. Aliyetunga swali lile simjui, lakini namwombea heri, maana alinipa kitu cha kufikiria wakati ambapo kila kitu kingine kilinitia tumbo joto. Niliandikia kwenye chumba chetu pale Bellevue, katika nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao, pazia limefungwa mchana kweupe, macho kwenye kamusi na masikio barabarani.

Tuliishi watatu chumbani: mimi, mdogo wangu wa kiume na mke wake. Huyo wifi yangu alikuwa na mimba iliyofika mwisho. Mdogo wangu alikuwa mlinzi kwenye maghala ya Midrand, na tangu wageni waanze kupigwa na kufukuzwa, alikuwa hajarudi nyumbani. Fujo zilianzia Alexandra, na njia yake ya kurudi ilipita karibu na huko, kwa hiyo alilala kazini kwenye kibanda cha geti. Alinipigia simu kila jioni na kuniuliza swali lilelile, kama bado, nami nikamjibu lilelile, bado.

Habari zilikuja kwa midomo, na kila mdomo uliongeza chumvi. Ilisemekana wanakusimamisha na kukuuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, ukishindwa, umekwisha. Basi mimi, mtu mzima niliyezoea kujigamba kwa lugha nne, nikawa naosha vyombo huku nikinong'ona neno la kiwiko. Kisha ikaja habari mbaya kuliko hiyo, kwamba wapo vijana waliojifunza kusema hodi. Wanasimama mlangoni wanaita kwa upole kabisa, na anayejibu "karibu" amekwishajitaja kuwa mgeni.

Kama ilikuwa kweli sijui mpaka leo. Lakini mwenye ufunguo wa geti letu hakungoja ushahidi. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Uvira, fundi cherehani wa chumba cha mbele, ambaye nyumba nzima ilimwita Maman. Alituita wapangaji wote uani akatoa amri.

"Hapa hakuna hodi tena," akasema. "Mutu akisema hodi, munyamaze. Hata kama ni sauti ya ndugu yako. Pengine wamemuwekea kisu ku mugongo. Mwenye anataka kuingia, apige simu kwanza."

"Maman, hodi isiyojibiwa ni matusi," nikamwambia. Mimi ni mtu wa kubisha, hata nikiwa natetemeka.

"Matusi haiuwe mutu," akajibu, na kikao kikaisha.

Nikarudi kwenye kamusi yangu. Ilikuwa kubwa, nzee, imeng'oka jalada, niliinunua kwa muuza vitu vya mitumba, na maneno yaliyokufa yalikuwa yamewekewa kijimsalaba mbele yake. Humo nilijifunza kwamba "welcome" halikuanza kama salamu. Lilianza kama jina la mtu: mgeni ambaye moyo wa mwenye nyumba umependa aje. Nilijifunza kwamba "wassail" lilikuwa kumtakia mwenzako awe mzima, kikombe mkononi, kabla halijageuka kuwa jina la pombe yenyewe na la makelele ya wanywaji.

Lililonikaa zaidi ni "gratulate". Zamani lilikuwa neno moja kwa kazi zote mbili. Mwenye nyumba aliyelitumia alikuwa amemkaribisha mgeni na kumpongeza kwa pumzi ileile, kana kwamba kule kufika tu ni jambo la kushangiliwa. Karne zikapita, kukaribisha kukapata neno lake na kupongeza lake, na "gratulate" likabaki na msalaba wake kama kaburi. Lililobaki hai ni ndugu yake, "congratulate", ambalo ndani yake lina maana ya kufurahi pamoja na mwingine. Peke yako huwezi.

Nilikuwa nikidhani maneno hufa kwa uzee. Wiki ile, katika nyumba yetu, niliona neno linaanza kufa likiwa zima na afya yake, na neno lenyewe ni karibu. Nilisikia hodi mara mbili nikiwa ndani. Mara zote mbili nilibana ulimi kwa meno, na aliyekuwa nje akaondoka. Niliogopa, na niliona aibu, na nilipochungulia pazia sikuona mtu.

Uchungu ulimshika wifi alfajiri. Nilimsindikiza hospitali, akajifungua salama, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi na hasira nyingi zaidi. Kesho yake asubuhi wakaturuhusu. Nikiwa namvalisha wifi soksi, alinishika mkono.

"Wifi," akasema, "huyu mtampigia vigelegele?"

Nilijua anauliza nini. Kwetu Buyenzi, mama akirudi na mtoto, hafiki mlangoni kimyakimya. Wanawake humpokea kwa vigelegele tangu njiani, na jirani akisikia hudakia hata kama mikono yake ina unga, kwa sababu kigelegele kisichoitikiwa ni mkosi kwa mtoto. Wifi alikuwa ameshazaa mara moja. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa porini tulipokuwa tunakimbia vita, na kwa kuwa tulijificha, hakuna aliyethubutu kupaza sauti. Mtoto yule hakumaliza mwezi. Mimi nilisoma, najua kwamba kimya hakiui mtoto. Wifi naye alijua alichokijua.

"Tutampigia," nikasema. Nilisema tu, maana ningesema nini? Nyumba ilikuwa imekatazwa hata kukohoa kwa nguvu.

Tulishuka kwenye teksi pale kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, tukaanza kutembea. Nilikuwa nimemwambia wifi asifungue mdomo njiani, kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine zaidi ya Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na zote tatu siku ile zilikuwa hatari. Jua la baridi lilikuwa linawaka bila kupasha kitu joto. Wifi alitembea polepole, mkono mmoja kwenye ukuta. Nilimpigia Maman simu. Imezimwa. Nikapiga tena, nikapiga tena. Baadaye alinieleza kwamba aliizima kwa sababu aliogopa mlio wake usisikike barabarani. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tupige simu kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeizima! Hofu haina akili.

Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kwa ndani. Ng'ambo ya barabara, juu ya kreti la soda, alikuwa amekaa jirani tuliyemwogopa kuliko wote. Alikuwa mama wa Kizulu, mnene, mwenye kitambaa cheusi kichwani, aliyeuza karanga na sigara moja moja mbele ya nyumba yake. Hakuwahi kutusalimia, nasi hatukuwahi kumsalimia. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba kazi yake ni kuhesabu wageni wanaoingia kwetu.

Nikakaza uso kwenye upenyo wa geti nikasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, "Hodi."

Niliona pazia la Maman likicheza. Alikuwa ndani! Alikuwa amesimama pale pale, amenisikia.

"Hodi, Maman. Ni sisi." Pazia likatulia.

Hapo nilijua amri inafanya kazi yake. Kadiri nilivyomsihi ndivyo alivyozidi kuona kisu mgongoni mwangu. Nikasema hodi ya tatu. Hakuna aliyejibu.

Sasa, mtu aliyelelewa kwingine angepiga geti kwa mawe. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kwamba hodi ni tatu; zisipojibiwa unaondoka, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutokukutaka. Na amini usiamini, nikiwa na mzazi wa jana na kichanga mkononi, mbele ya nyumba ninayolipia kodi, miguu yangu iligeuka yenyewe. Wifi naye alikuwa ameshageuka. Adabu ilikuwa inatufukuza pamoja na hofu.

"Twende kanisani," akanong'ona. Kuna kanisa walikohifadhiwa watu, mwendo wa kupanda kilima. Alikuwa mweupe mdomoni. Halafu akasema, si kwa kunilaumu, "Huyu naye amepokewa kimya." Hapo machozi yakanitoka.

Mtoto akalia. Alilia kwa koo lake lote jipya, na barabara nzima ikasikia. Yule mama wa karanga akainuka kwenye kreti lake na kuanza kuvuka kuja kwetu.

Nilimsogeza wifi nyuma yangu. Neno la kiwiko, nililolikariri wiki nzima, likanipotea kabisa. Mama yule akafika, akanipita kama mimi si mtu, akakunja pembe ya blanketi na kuchungulia.

"Ngumfana noma yintombazane?" akauliza. Mvulana au msichana.

"Yintombazane," nikasema. Sijui lilitoka wapi. Kwa lafudhi yangu hata kiziwi angejua sitoki hapa.

Akanitazama usoni. Kisha akarudi hatua moja, akaegemeza kichwa nyuma, akaweka mkono kando ya mdomo na kupiga kigelegele.

Ningeweza kumziba mdomo. Nilichofikiri ni kwamba anaita watu, kwamba sasa watatoka kila nyumba na tumekwisha. Kilikuwa kigelegele kirefu, chembamba, chenye kupanda. Hakikuwa na tofauti hata ya sindano na cha mama yangu. "Halala!" akasema, kwao ndiyo hongera, "halala, ntombazane!", akavuta pumzi, akapiga cha pili.

Na nyuma ya geti letu, kwenye nyumba iliyokuwa imekufa ganzi wiki nzima, kikajibiwa.

Alikuwa ni Maman. Alikuja kuniapia baadaye kwamba hakukusudia. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia na mkasi mkononi, ameazimia kutofungua, na kigelegele kikamtoka kabla hajakizuia. Hodi aliweza kuinyamazia. Kigelegele cha mtoto hakuweza. Mwingine akadakia kutoka chumba cha nyuma, na mwingine uani, wanawake ambao hawakuwa wamesema kwa sauti tangu fujo zianze. Mnyororo ukaanguka chini.

"Muingie! Muingie, karibuni, mutoto asipigwe na baridi!" Maman alikuwa analia na kutugombeza kwa wakati mmoja. "Na weye, kwa nini haukusema kama muko na mutoto?"

Nilipogeuka kumshukuru yule mama wa karanga, alikuwa ameshafika nusu ya barabara, anarudi kwenye kreti lake. Sitadanganya kwamba nilimpenda palepale. Niliendelea kumwogopa kwa wiki kadhaa, na siku mbili tatu nilipanga mizigo mlangoni tayari kwa kukimbia. Lakini wifi alilala siku ile kama mtu aliyetua gunia.

Kazi yangu ya chuo niliituma kwa kuchelewa. Mwishoni niliandika kwamba "gratulate" halijafa, limehama tu, na nikaeleza nililisikia wapi. Msahihishaji akaandika pembeni kwamba hitimisho limetoka nje ya mada. Nilikasirika siku nzima. Bado nina kinyongo naye kidogo.

Hata hivyo, kwa jambo moja nilimpunja msahihishaji. Sikumwandikia kwamba karibu yetu haikurudi ilivyokuwa. Fujo zilitulia, mdogo wangu akarudi kutoka Midrand na kumwona mwanawe, maisha yakaendelea. Lakini katika nyumba yetu ileile, mtu akibisha hodi, hadi leo tunasikiliza kwanza. Hodi ya kwanza tunatazamana. Ya pili mmoja anachungulia. Kwenye ya tatu ndipo mtu anajibu, tena kwa sauti ya chini. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, na Maman alishahamia Diepsloot kwa binti yake mwenye duka.

Sasa ni 2014, na mtoto anakaribia miaka sita. Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kizulu, au kwa Kiingereza cha shuleni, na akitaka kuniudhi anachanganya vyote. Maneno yetu anayoyatamka vizuri yanahesabika. Moja ni karibu. Akisikia hodi ya kwanza, kabla sisi hatujatazamana, ameshaacha alichokuwa anafanya na kukimbilia mlangoni, na analipaza neno hilo mpaka kule kwenye kreti la karanga linasikika.

Nimemkanya mara nyingi. "Subiri kwanza, mama."

"Kwani tunasubiri nini, shangazi?" aliniuliza juzi, kwa Kizulu.

Mama yake alikuwepo, anakunja nguo. Nilimtazama anisaidie. Akaendelea kukunja nguo zake, anatabasamu, na hapo hodi ikasikika. Mtoto akaruka, "Karibu!", nikasikia mnyororo ukifunguliwa, nami nikabaki nimesimama na sufuria mkononi, nikingoja kujua ni nani aliyekaribishwa.